Plasta Imeandikwa MAJI

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu saa nane mchana bomba linatoa maji ya moto bila kuombwa, kwa hiyo hita ya bafuni nilikuwa naiona gesti tu, na hata huko siigusi. Sasa Julai mwaka jana mke wangu akanipeleka Njombe kwao, mara yangu ya kwanza kulala ukweni. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Julai kule ukisema tu "hodi", mdomo unatoa moshi kama bodaboda iliyochoka injini.

Saa kumi na moja alfajiri nikaamka nioge kabla wakwe hawajaamka, nionekane mtu wa maana. Taulo kiunoni, mswaki mdomoni, mpaka koridoni. Nje ya mlango wa bafu kuna swichi mbili kubwa, pacha, kila moja na kitaa chake chekundu. Cha juu kinawaka, cha chini kimezimika. Katikati yake pamebandikwa kipande cha plasta, ile ya kidonda, kimeandikwa kwa peni ya bluu: MAJI.

Nikasimama pale kama mtahiniwa wa darasa la saba. Kitaa chekundu maana yake nini? Soketi ya ukutani ukiiwasha inaonyesha wekundu, sawa. Lakini runinga yangu ikiwa imezimwa ndiyo inaonyesha kitaa chekundu! Na barabarani nyekundu ni simama. Kumwamsha mke wangu nimuulize swichi? Mwanaume mzima? Nikaamua kwenda na runinga. Nikabonyeza ya juu, kitaa kikazimika, nikajipongeza, nikaingia.

Yale maji sitayaeleza. Niseme tu kwamba nilimwita bibi yangu, na bibi yangu alishafariki.

Kumbe mama mkwe, kwa huruma zake, alikuwa ameniwashia hita tangu usiku, na mimi nimeizima kwa kidole changu mwenyewe. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule nilitoka na taulo langu nikitetemeka, nikabonyeza ya chini. Ikawaka. Nikarudi, barafu ileile. Nyuma ya nyumba kitu kikaanza kunguruma. Nikadhani jirani ana mashine ya kusaga. Safari ya tatu sikufikiri tena, nikawasha zote mbili. Pembeni palikuwa na swichi ndogo nne, nazo nikazibonyeza, nisije nikaonewa na mojawapo. Taa za nje zikazimika zote. Mbwa akaanza kubweka.

Lakini maji yakaja ya moto! Nikajipaka sabuni kichwani mpaka unyayoni. Tatizo ni kwamba hita zile za papo hapo zina vituko vyake: ukitaka joto zaidi unafungua bomba zaidi, na maji yanapoa, maana moto ni uleule sasa unagawiwa maji mengi. Ukibana, yanaunguza. Ukibana zaidi, hita inasusa kabisa. Niko katika kuvizia ile robo nukta ya katikati, nikasikia mvua. Mvua, Njombe, Julai! Inapiga bati kama ya masika. Nikaona hizi sasa ni baraka za ukweni.

Ndala zikaja koridoni. Sauti ya baba mkwe: "Nani kawasha pampu? Tanki linamwagika!"

Ndipo ile plasta iliponifunukia. Swichi zote mbili ni MAJI. Moja inayapandisha kutoka kisimani mpaka tankini, nyingine inayachemsha. Aliyeandika hakudanganya hata herufi moja.

Nikajipa moyo: mzee kaijenga nyumba hii mwenyewe, swichi zake anazijua. Akabonyeza. Maji yangu yakageuka barafu, mvua ikaendelea. "Ah, si hii." Akairudisha. Nikapata moto, nikashusha pumzi. Kimya kidogo, bila shaka anasoma plasta. Akabonyeza tena. Ileile! Nikauma taulo nisipige kelele. Mzee akasonya, ndala zikaondoka kwa hasira, na punde nyumba nzima ikawa giza. Kashusha mein swichi.

Mvua ikakatika. Ndala zikarudi polepole, zikasimama mlangoni. Hapo mimi ni povu tupu, macho yanawaka, sina nguo, na kati yangu na baba mkwe kuna ubao wa mbao tu. Nikinyamaza, nitaonekana mwizi. Nikisema, nitasema nini?

"Shikamoo, baba."

Kimya.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umo?"

"Nimo, baba."

"Unaoga?"

"Nilikuwa naoga, baba."

Akakohoa, akaenda zake. Mama mkwe akaniletea maji ya moto kwenye ndoo, akayaacha mlangoni bila neno. Nilikuwa nayahitaji yale tangu mwanzo.

Wakati wa chai na viazi hakuna aliyeligusa jambo hilo, ila mke wangu alikuwa anainamia kikombe mabega yakimtikisika. Mzee akamaliza kunywa, akaagiza plasta na peni, akaingia koridoni akakaa huko dakika nzima. "Tayari," akasema akirudi. "Sasa hata mgeni hapotei."

Nikaenda kusoma. Plasta ya zamani kaihamishia kwenye swichi ya juu: MAJI. Ya chini kaibandikia mpya, kwa herufi kubwa kabisa: MAJI MENGINE.