Saa Tatu ni Saa Tatu

Kompyuta kumi na moja zilikubali. Ya kumi na mbili, ya bi mkubwa wa masijala, ikagoma.

Ilikuwa ofisi ya wakala wa mizigo hapa Tanga, si mbali na bandarini. Niliitwa niwafungie Bacula, programu ya kuchukua bakapu (nakala ya akiba) ya kila kompyuta na kuilaza kwenye seva moja. Kwenye seva anakaa mkubwa wao, dairekta. Kwenye kila kompyuta anakaa ajenti mdogo anayesubiri kugongewa mlango namba 9102. (Sisi wa Ngamiani barabara za namba tumezizoea, ila zetu hazifiki huko.) Wakikutana, mafundi tunaita handisheki, yaani kupeana mikono, jina na nywila lazima vifanane pande zote mbili. Mimi kwa kujikweza nikaongeza na vyeti vya kidijitali, kila kimoja na saa yake ya kuanza kutumika, wakaguane kama trafiki na dereva wa bodaboda. Vyeti nilivitoa asubuhi ileile, saa tatu na dakika kumi.

Seva ikaniambia imeshindwa kuthibitishana na ajenti, huenda majina au nywila hazifanani. Hiyo "huenda" ilinila asubuhi nzima. Nywila nilibadilisha mara saba. Nikaisoma kwa sauti, herufi mojamoja, bi mkubwa akiitikia "eee" kama anatolewa hadithi. Nikazima fayawoli. Nikabadilisha waya, na waya haukuwa na kosa lolote, maskini.

"Mwanangu, wewe una njaa," akasema. "Nenda kale. Hakuna kinachofunguka na njaa."

Nikaenda nikala wali wa nazi na samaki, nikarudi saa tisa na nusu, nikabonyeza kwa kukata tamaa tu. Ikakubali.

Bosi akauliza tatizo lilikuwa nini. Nikakunja uso, nikasema, "Handisheki ilikuwa imepinda, nimeinyoosha." Akatikisa kichwa kwa heshima, akanilipa. Bi mkubwa alinitazama tu. Yeye alijua ni wali.

Kesho yake asubuhi bosi akanipigia: kwenye cheti cha seva jina la ofisi nimelikosea herufi. Kazi ya dakika mbili. Nikatoa kingine, yeye kasimama nyuma yangu. Kumi na moja zikakubali. Ya bi mkubwa ikagoma.

"Imepinda tena?" bosi akauliza.

Safari hii nikakaa kwenye kompyuta yenyewe, nikamwendesha ajenti kwa mkono, aseme kila anachofanya. Akasema cheti cha seva bado hakijaanza kutumika. Hakijaanza vipi, na nimekitoa sasa hivi? Nikatupa jicho pembeni ya skrini: 3:25 AM. Nikatazama dirishani. Jua la Tanga linachoma.

"Shikamoo bibi. Hii saa nani kaiweka?"

"Marahaba. Mimi. Kila asubuhi ikiwaka inasema mwaka 2009, basi mimi naitengeneza. Saa tatu na dakika ishirini na tano, asubuhi. Si ndivyo ilivyo?"

Ndivyo ilivyo. Saa tatu ni saa tatu, na asubuhi ni asubuhi. Kompyuta tu ndiyo haijui Kiswahili, ikadhani ni usiku wa manane na cheti changu kitazaliwa baada ya saa sita. Jana, nilipokuwa nala samaki, zile saa sita zilitimia zenyewe.

Kilichokufa ni kibetri cha ndani, CR2032, kile cha duara kama sarafu kinachotunza saa kompyuta ikizimwa. Nikanunua kipya, nikakipachika, nikaweka 9:40 AM. Ikakubali papo hapo. Bosi nikamwambia handisheki imekazwa kwa betri. Nimeshaingia kwenye uongo, nitatokaje?

Siku ya tatu nikapita kuangalia. Saa inasoma 3:05 AM.

"Uliiacha mbele kwa saa sita, mwanangu," bi mkubwa akasema kwa upole, "nikakurekebishia."

Sikubishana. Mtu aliyeitengeneza saa hiyo kila asubuhi utamwambia nini? Nikairudisha kimyakimya, kisha nikaificha kabisa isionekane kwenye skrini, nikaaga.

Sijafika hata Chumbageni, simu ikaita. Bosi.

"Fundi, bi mkubwa wa masijala analalamika. Anasema umeiba saa."