Mjane wa Marekani naye ni mjane

Dada yangu ameniruhusu niandike haya. Aliniambia, "Andika wewe, mdogo wangu. Mimi nikisema wakwe wanaona naanza kukwepa kuwasaidia."

Mume wake alifariki Januari mwaka jana huko Columbus, Ohio, walikokuwa wakiishi tangu walipopata viza ya bahati nasibu. Alikuwa anatoka kwenda kazini alfajiri, akaanguka mlangoni, koti la baridi ameshalivaa mkono mmoja. Alizikwa siku ya tatu, theluji imetanda makaburini, na wengi waliobeba jeneza walikuwa Wasomali wa msikiti wa karibu ambao dada hakuwajua hata majina. Ameacha watoto watatu. Wa kwanza alikuwa na miaka 15, wa mwisho hata darasa la kwanza hajaanza.

Sisi huku Tanga tulikaa matanga. Turubai likafungwa Ngamiani, khitma ikasomwa, watu wakaja kuhani kwa siku tatu. Walimpa mkono mama mkwe wake, mashemeji zake, mawifi zake, hata mimi nilipewa mkono. Mwenye msiba alikuwa peke yake na watoto kwenye nyumba ya kupanga, anapokea pole kwa simu, na katikati ya hizo pole kila mara anatokea mtu wa kumuuliza kwa nini maiti haikuletwa nyumbani. Aliyekuwa akiuliza hakuwa amechanga hata shilingi ya nauli ya hiyo maiti. Na dini yenyewe inatuhimiza kumzika maiti mapema.

Kisha likaja suala la eda, muda wa mjane kukaa ndani baada ya kufiwa na mumewe. Miezi minne na siku kumi, kila mtu anajua. Mwajiri wake alimpa siku tatu, na hizo tatu ni hisani yake, kwa sababu sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya msiba. Akaunganisha na likizo yake ya mwaka, zikapatikana wiki mbili. Baada ya hapo ni kodi ya nyumba, umeme na gesi ya kupashia nyumba joto katikati ya baridi. Alimuuliza imamu, akaambiwa mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja kama hiyo, ila usiku alale nyumbani kwake. Sasa yeye ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na zamu yake ilikuwa ya usiku, ile yenye nyongeza ya malipo. Akaomba ahamishiwe mchana, nyongeza ikaenda, na mshahara ukapungua wakati ule ule ambao mshahara wa mumewe umekatika. Alifanya hivyo ili atunze eda.

Huku nyumbani likazungumzwa moja tu: "Hajamaliza hata mwezi, ameshatoka kwenda kazini." Nililisikia kwa masikio yangu sebuleni, kutoka kwa watu wazima wanaoswali swala tano. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu siku ile kunaniuma mpaka leo.

Halafu fedha. Pana imani huku kwamba mtu akifa Marekani serikali inamwaga mapesa kwa mjane. Basi nieleze, maana nimemuuliza mwenyewe, naye alinionyesha barua. Hifadhi ya jamii ya Marekani humlipa mjane dola 255 kwa mkupuo mmoja. Watoto hulipwa kila mwezi kutokana na michango aliyokatwa baba yao kazini, kwa kawaida mpaka wafike miaka 18. Mama naye ana fungu lake maadamu analea mtoto wa chini ya miaka 16, lakini akifanya kazi na kipato chake kikavuka kiwango kilichowekwa kwa mwaka, hukatwa dola 1 kwa kila dola 2 zilizozidi. Ni msaada wa kweli, na anashukuru. Lakini ni fedha ya kulisha mayatima, na haikuletwa kwa ajili ya kupiga plasta nyumba ya mtu au kununua bodaboda.

Kosa letu, na nasema letu kwa sababu nami nimo, ni kwamba tumemrithisha mjane mizigo yote ya marehemu kabla hatujamrithisha kitu kingine chochote. Dawa za presha za mama mkwe zilikuwa juu ya mumewe, zikahamia kwake. Karo ya mtoto wa shemeji, vilevile. Mchango wa harusi ya binamu uliahidiwa na marehemu, basi mjane akumbushwe ahadi. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Simu ziliendelea tu kupigwa kama zamani, ila badala ya kupigiwa yeye akawa anapigiwa mkewe. Ingekuwa amefiwa akiwa hapa Ngamiani, tungekuwa tunampelekea unga na mchele. Kwa kuwa yuko ng'ambo, tunamtumia namba ya kututumia pesa.

Kikao kilikaa kwa jambo jingine, nyumba ya Pongwe. Marehemu na mkewe waliijenga kidogo kidogo kwa miaka, imeshaezekwa, bado madirisha na sakafu. Kiwanja kiliandikwa jina la ndugu wa marehemu ili kurahisisha mambo, kwa kuaminiana. Mwezi wa pili baada ya msiba ukoo ukakutana Jumapili saa nne asubuhi kumchagua msimamizi wa mirathi. Nilikwenda upande wa dada yangu. Simu yake iliegemezwa kwenye kopo la sukari katikati ya mkeka, spika imefunguliwa. Saa nne yetu kwake ilikuwa saa nane ya usiku. Alikuwa amejifungia bafuni asiwaamshe watoto, taa ya kule nyeupe, mtandio umemkaa vibaya, naye anajitahidi kuurekebisha mbele ya wakwe. Kila alipofungua kinywa sauti ilikatika. Mara ya tatu mtu akasema, "Mtandao wa huko mbovu, tuendelee," akailaza simu kifudifudi. Nikaona mwanga wake umebaki kwenye ukingo wa kopo. Muhtasari uliandikwa kwamba mjane alishirikishwa.

Dini haikuacha jambo hili hewani. Mke mwenye watoto ana thumuni yake, yaani moja ya nane, mama wa marehemu ana sudusi yake, moja ya sita, na watoto wana lao. Hayo hugawanywa baada ya madeni kulipwa. Na kabla hata ya kufika huko, fedha aliyotuma dada yangu kutoka kwenye mshahara wake mwenyewe ni jasho lake, na stakabadhi za kutuma anazo, amezitunza kwenye bahasha. Kumdai mtu karo na kumficha thumuni yake ni dhuluma, na hili nimeshalisema mbele ya mashemeji wenyewe. Wapo walionuna. Wanune.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni yule mtoto wa kwanza. Bibi yake analalamika kwamba akipokea simu hasalimii, anasema "halo" tu na kumwita mama yake. Mimi nimeanza kumuuliza anashinda vipi. Mama yake amerudi zamu ya usiku baada ya eda, kwa hiyo asubuhi yeye ndiye anayewavalisha wadogo zake, anawapeleka kwenye basi la shule, ndipo akimbilie la kwake. Barua za serikali anazisoma yeye kwanza. Wiki iliyopita dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, ananong'ona kwa kuwa wazee wamelala, nyuma yake nasikia mtu anakohoa na gari la kubebea mashuka linasukumwa. Alisema, "Ameniuliza aache mpira atafute kazi. Nimemwambia hapana. Lakini, mdogo wangu, nilikaa kidogo kabla ya kumwambia hapana."

Niliupeleka ujumbe ule kwa mama mkwe wake, nikampa asikilize, kwa ruhusa ya dada. Bibi wa watu alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudie. Kisha akauliza dawa zake ni shilingi ngapi kwa mwezi, na kama binti yake wa Muheza anaweza kuzibeba. Anaweza. Alikuwa hajaombwa tu.

Kikao cha pili cha nyumba kimepangwa Jumamosi hii. Nimemuomba shemeji mkubwa kiwe saa mbili za usiku, maana sasa kule wamesogeza saa mbele, tunapishana saa saba badala ya nane, na kwa dada yangu itakuwa saa saba za mchana, ameshaamka. Amekubali. Amekubali pia kwamba kabla ya kutaja Pongwe, kila aliyepo atashika simu, mmoja mmoja, ampe mkono wa pole.