Dakika 20 za Kwenda Unguja

Simu yangu inasema kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita 70 na ushei, dakika 20 angani. Nikaamini. Nikamwambia mama watoto, "Harusi ya mdogo wako hatwendi na boti. Dakika 20 tu, hata pipi haijaisha mdomoni." Boti humtapisha, basi akanitazama kwa mapenzi ambayo sijayaona tangu fungate. Shemeji, kwa ubahili wake, akasema yeye ni boti ya saa moja, masaa mawili majini, kwisha kazi.

Sasa, hizo dakika 20 hazianzii Mbezi Mwisho. Hilo simu haikusema.

Tumetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ndege ya saa tatu. Morogoro Road tukateleza vizuri hadi Ubungo. Pale barabara zimepandana ghorofa, raha tupu, lakini ukikunja kuingia Mandela unakutana na malori ya makontena yameunga foleni hadi macho yanachoka. Kufika Buguruni dereva akazima gari, akashusha kioo, akanunua karanga. Jamani, dereva akinunua karanga, ujue. Tulikaa dakika 50. Nikapiga hesabu: ndege ingekuwa imeenda Unguja, imerudi, na iko njiani inaenda tena.

Tukafika tunahema. Kumbe sisi si wa lile jengo jipya la vioo nililopanga kupigia picha! Sisi ni lile kongwe, la vindege vidogo. Pale unapima begi, mwisho kilo 15, halafu unapimwa na wewe mwenyewe, juu ya mizani, mbele za watu. Za mama watoto sitazitaja, bado naishi naye. Begi likazidi kwa ajili ya masufuria ya zawadi, nikalipia. Nilipouliza, nikaambiwa ndege imechelewa kidogo. Kidogo gani? Saa tatu ikawa saa nne na robo, na chai ya pale bei yake ni ya kwenda Morogoro na kurudi.

Ndege yenyewe ina pangaboi moja tu puani. Rubani unamwona kisogo, unaona hadi jasho. Mzee mmoja wa kanzu akakalishwa kiti cha pembeni yake, na njia nzima aliyashika magoti yake kwa mikono miwili asije akagusa kitu. Mama watoto akamenya pipi. Mara bahari, mara visiwa, mara minazi, matairi chini. Akautoa ulimi kunionyesha: pipi imebaki kubwa tu.

Kwa hilo nilishinda.

Tukapanda daladala ya 505 kwenda Darajani. Ilisimama kila penye mwembe, ikachukua muda kuliko ndege. Shemeji akapiga simu, mdomo umejaa urojo: "Mko wapi? Mimi nimeshaoga." Nikakata.

Bibi mmoja tuliyebanana naye akatazama masufuria yetu, akatuonea huruma. "Mmetoka Bara saa ngapi, wanangu?"

"Saa kumi na moja alfajiri, bibi."

"Masikini! Kumbe mmekuja kwa jahazi?"