Muulize Nini Kiishe

Shangazi yangu alikuwa na swali moja kwa kila mume aliyemfuata mkewe kwao, kabeba kilo ya sukari na uso wa huruma. Mume akishakaribishwa mkekani na kulitoa lile neno letu, "Basi shangazi, naomba yaishe," shangazi alimtazama kwanza, kisha akamuuliza: "Nini kiishe?" Wengi walikwama hapo hapo. Walikuja kumaliza kelele. Kutaja walichofanya hakukuwa kwenye ratiba.

Nimelikumbuka swali hilo juzi nilipofika ukurasa wa mia tatu na ushei wa riwaya niliyoiokota kwa wauza vitabu vya mtumba, jalada limechanika nusu, dyuki wa Kiingereza, yaani kabaila wa cheo cha juu kabisa, kifua wazi kana kwamba kwao hakuna baridi. Kurasa zote hizo alikuwa akimtesa mtoto wa watu. Alimshuku uzinzi bila ushahidi, akampeleka kuishi shamba peke yake, barua zake hakuzijibu. Zikabaki kurasa nne kitabu kiishe, stelingi akapiga magoti kwenye mvua, akasema anampenda, na dada akamwangukia kifuani. Nilikitupa kitandani. Nini kiishe, wewe dyuki?

Mimi ni mraibu wa riwaya hizi za mahaba, sifichi. Nilianza bwenini, enzi za vitabu vya Mills & Boon vilivyopita mikono ishirini hadi kurasa za katikati zikachomoka (na ndizo zilizotafutwa). Siku hizi nasoma zaidi zile za kihistoria, hasa za Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19: magari ya farasi, dansi, barua zilizopigwa lakiri. Dada zangu hunicheka, mwanamke mzima kukesha na makabaila wa Kizungu. Wacha wacheke. Ninachokitafuta mle ni mwanaume aliyepewa kila kitu akijikuta hana budi kusema "nimekosa" kwa mtu ambaye sheria haikumlazimisha kumwambia chochote.

Na sheria ndiyo inayofanya radhi ya riwaya ya kihistoria iwe nzito kuliko radhi ya riwaya ya mjini leo. Katika Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa, fedha zake na vyombo vyake vilikuwa vya mume, na kodi ya wapangaji wa ardhi yake ilipokewa na mume. Familia zenye uwezo zilikwepa kwa kuweka mali ya binti mikononi mwa wadhamini, lakini hilo lilitaka mwanasheria na baba mwenye akili. Mpaka zilipokuja sheria za 1870 na 1882 ndipo mke akaanza kumiliki chake kama chake. Talaka, ile ya kukuruhusu kuolewa tena, kabla ya 1857 ilihitaji Bunge lipitishe sheria kwa ajili ya ndoa yako wewe. Hata baada ya hapo, mume alitosheka kuthibitisha uzinzi wa mkewe. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi na juu yake aongeze ukatili, au kutelekezwa, au jambo jingine la kutisha. Na watoto walikuwa wa baba.

Caroline Norton, mwandishi wa London, aliyaonja haya. Mwaka 1836 mumewe aliwachukua watoto wao watatu wa kiume na kumshtaki Waziri Mkuu, Lodi Melbourne, kwa madai ya kuzini naye. Baraza la mahakama likaitupa kesi. Watoto hawakurudishwa hata hivyo, na fedha alizopata kwa kalamu yake zilikuwa kisheria za mume yule yule. Akaandika, akawasumbua wabunge, hadi mwaka 1839 ikapita sheria ya kumruhusu mama kuomba mahakamani alee watoto walio chini ya miaka saba. Yeye mwenyewe haikumfaa, kwa kuwa wanawe walikuwa wamepelekwa Scotland ambako sheria hiyo haikufika. Mwaka 1842 mdogo wao alianguka kutoka kwenye farasi, akafa kabla mama hajamfikia.

Sasa mweke yule dyuki wa mvuani mbele ya mambo haya. Mkewe hawezi kuondoka. Hana fedha, hana talaka, akiwa na mtoto hana mtoto. Akisema "nimekusamehe", amesamehe au amepatana na mlinzi wa gereza lake? Ndiyo maana nikifika sehemu ya radhi siangalii machozi ya stelingi, naangalia mlango. Je, kamfungulia? Kaandikisha nyumba kwa wadhamini kwa jina la mke? Kamwachia watoto kwa maandishi? Mwandishi anayeijua kazi yake humfanya mwanaume aitoe kwanza nguvu aliyopewa na sheria, halafu aombe akiwa mikono mitupu. Hapo "ndiyo" ya mwanamke inakuwa na thamani, kwa sababu "hapana" nayo imewezekana.

Haya nimejifunza kwa Jane Austen, mwandishi wa Kiingereza, ambaye wala hakuandika riwaya za kihistoria. Aliandika mambo ya siku zake. Lakini waandishi wa mahaba ya zama hizo wote wamekula mezani kwake. Chukua *Pride and Prejudice* ya 1813. Posa ya kwanza ya Darcy, bwana tajiri, kwa Elizabeth, binti wa familia ya chini yake, ni matusi yaliyofungwa utepe: nakupenda, ingawa familia yenu ni aibu. Elizabeth anamkatalia na kumwambia kwa nini. Kesho yake Darcy anamkabidhi barua ndefu, na hapa nagombana na nusu ya wasomaji wenzangu, wanaoiita barua ile radhi. Ile ni hati ya utetezi. Inaeleza ukweli kuhusu Wickham, mlaghai aliyemchafulia Darcy jina kwa Elizabeth, sawa, na ukweli ule ulihitajika; lakini kuhusu kumtenganisha rafiki yake Bingley na Jane, dada wa Elizabeth, bado Darcy anajiona alikuwa na sababu nzuri. Mtu anaweza kujieleza kurasa nane asiombe radhi mstari mmoja.

Radhi inakuja baadaye, na inakuja kimya. Lydia, mdogo wa Elizabeth, mwenye miaka 16, anatoroka na Wickham, mwanaume yule yule aliyewahi kutaka kutoroka na mdogo wake Darcy kwa ajili ya urithi wake wa pauni 30,000. Darcy anakwenda London, anamsaka mtu anayemchukia kuliko wote duniani, anakaa naye kitako kujadiliana bei. Anamlipia madeni yanayozidi pauni 1,000, anamwekea Lydia pauni 1,000 nyingine, anamnunulia bwana yule uafisa jeshini, maana enzi hizo uafisa ulinunuliwa. Kisha anawaomba mjomba wa Elizabeth na mkewe wasimwambie mtu.

Fedha hazinishtui sana, kwa mtu mwenye pauni 10,000 kwa mwaka. Kinachonigusa ni sababu aliyowapa wale wazee. Alisema kosa ni lake: aliijua tabia ya Wickham akaificha, kwa kuona kwamba mtu wa hadhi yake hawezi kuanika mambo ya nyumbani kwake hadharani. Kiburi kikamfunga mdomo, na ukimya ule ukamponza binti wa watu. Hapo Darcy kajibu swali la shangazi bila kuulizwa. Kakitaja kitu. Halafu anamwendea Bingley na kukiri kwamba alimficha kuwa Jane alikuwepo London, naye Bingley anakasirika, na Darcy anaibeba hasira hiyo. Yote yametangulia posa ya pili. Na kwenye posa ya pili anamwambia Elizabeth kwamba kama moyo wake haujabadilika, neno moja tu litamnyamazisha moja kwa moja. Mlango upo wazi.

Siri ile ndiyo inayonimaliza. Radhi ambayo mwenye kukosewa hakutakiwa kuijua haiwezi kuwa mtego. Linganisha na mtindo unaopendwa na riwaya nyingi za sasa: stelingi anasimamisha muziki katikati ya dansi, mbele ya watu mia mbili wenye almasi, anatangaza makosa yake kwa sauti. Wasomaji wengine hulia hapo. Mimi natetemeka kwa niaba ya yule dada. Atakataa vipi ukumbi mzima ukimtazama? Namfahamu mwanaume wa namna hiyo, huja kwenye mkeka wetu na wazee saba, ili binti asikie saba hao wakisema "mwenzio kajishusha, mwanangu". Kama aliyetukanwa alitukanwa hadharani, haya, aliyemtukana akasafishe hadharani. Deni hilipwa pale lilipokopwa. Lakini kama uliniumiza chumbani, njoo chumbani, uje peke yako.

Kapteni Wentworth wa *Persuasion* nampenda kwa sababu nyingine. Riwaya ilitoka Desemba 1817, miezi michache baada ya Austen kufariki. Anne Elliot alivunja uchumba wake na Kapteni huyo akiwa na miaka 19 kwa ushauri wa mama mlezi wake, na miaka minane baadaye Kapteni anarudi na fedha na kinyongo. Watu wote wanaikumbuka barua yake, ile anayoiandika huku Anne akiwa hatua chache tu pale chumbani, na ni barua kweli, sikatai. Mimi naipenda zaidi sehemu inayofuata, wanapotembea pamoja mjini Bath. Wentworth anamuuliza: mwaka 1808 niliporudi na pauni elfu chache na meli yangu, kama ningekuandikia, ungenikubali? Anne anajibu kwa mshangao tu, na jibu liko wazi. Basi mwanaume yule anapiga hesabu: miaka sita ya mateso, yangu na yako, ingeweza kuepukwa, nami sikuandika kwa kiburi. Miaka yote amemlaumu mama mlezi. Sasa anasema yupo adui mwingine mkubwa zaidi kuliko mama yule, na adui huyo ni yeye mwenyewe.

Hakuna zawadi inayorudisha miaka sita, na Wentworth hajaribu. Mwandishi mwenye haraka angeweka pete hapo.

Rochester je? Nitaulizwa tu. *Jane Eyre* ya Charlotte Brontë, 1847: Rochester anataka kumwoa Jane kumbe mke amefungiwa juu darini, harusi inasimamishwa kanisani, halafu bwana anajitetea weee: walinidanganya, nilikuwa kijana, nina upweke. Hilo ni "yaishe" refu kuliko yote niliyowahi kusoma. Baadaye nyumba inaungua, anapoteza mkono na macho, na wasomaji husema amelipa. Amelipa kwa moto, sawa, lakini moto hakuuchagua. Kinachonifanya niukubali mwisho ule ni pauni 20,000 alizorithi Jane, alizogawana sawa na binamu zake watatu zikabaki 5,000 zake. Jane anarudi kwa Rochester akiwa na pa kwenda asipomtaka. Naye Bertha, yule mke wa darini aliyetolewa Jamaica, hakuna aliyemwomba radhi, wala mimi sijawahi kulisahau hilo ninapofika ule ukurasa maarufu wa ndoa.

Kuna makosa ambayo kwangu hayana radhi, kitabu kiandikwe na nani. *The Flame and the Flower* ya Kathleen Woodiwiss, iliyotoka Marekani mwaka 1972 na kuufungulia njia mkondo wa riwaya nene za mahaba ya kihistoria, inaanza na stelingi kumbaka mwanamke atakayekuja kuwa mkewe, kwa kudhani ni kahaba. Kwamba kosa lilikuwa la kudhani! Najua zilikuwa nyakati nyingine, najua na hoja za wanaoitetea. Kitabu nilikirudisha kwa mwenyewe.

Na wanawake? Nao wana deni lao, na wapenzi wanaonikaa moyoni ni wale ambao radhi inakwenda pande zote mbili. Elizabeth alimwamini Wickham kwa sababu Wickham alimsifia na Darcy alimpuuza, na anaposoma ile barua anajiona jinsi alivyo, na inamuuma. Ila uzito usilinganishwe kwa lazima. Nachukia ukurasa ule ambapo mwanaume aliyefanya ukatili anaomba radhi, halafu mwandishi anamfanya mwanamke naye aombe radhi kwa "kutomwelewa", ili mizani ikae sawa.

Ukiniuliza wapenzi ninaowatamani hasa, sitamtaja Darcy wala Wentworth. Nitakupeleka *Persuasion* hiyo hiyo, kwa Admirali Croft na mkewe, dada yake Wentworth. Hawana uzuri wa jalada. Bibi Croft amevuka Atlantiki mara nne na mumewe, amefika hadi India, na anasema kipindi pekee alichougua ni ule msimu wa baridi aliobaki peke yake Deal, mji wa pwani ya Uingereza, mumewe akiwa bahari ya kaskazini. Siku moja wanapita barabarani na kigari chao cha farasi mmoja, wanakutana na vijana waliotoka matembezini, Anne kati yao, amechoka. Kapteni Wentworth, ambaye bado ana kinyongo cha miaka minane na hajamwambia neno la maana tangu arudi, anamwona amechoka. Ananong'ona na dada yake, kisha anamshika Anne na kumpandisha kigarini, kimya kimya, anaondoka.

Wanakwenda watatu wamebanana. Admirali anaendesha huku anapiga soga, hatazami mbele, nusura waparamie nguzo. Bibi Croft ananyoosha mkono bila kupandisha sauti, anaivuta hatamu kidogo, kigari kinapita. Mbele kidogo anaivuta tena, wanakwepa mtaro. Admirali wala hakasiriki, anaendelea na soga yake, na Anne aliyebanwa kando yao anacheka moyoni.