Nozick Kwenye Kisima cha Ploti Yetu

Mkutano wa wakazi wa ploti yetu hapa South B, Nairobi, ulivunjika saa tatu usiku bila uamuzi. Ajenda ilikuwa moja tu: tuweke mfereji nje ya geti, watu wa Mukuru, mtaa wa mabanda ng'ambo ya barabara, wanunue maji ya kisima tulichochangia kukichimba, shilingi tano mtungi? Mabomba yalikuwa makavu wiki ya pili, na wenye mikokoteni walishapandisha mtungi wa lita 20 hadi shilingi 30.

Jirani yangu mhasibu alisimama. "Aliyechimba ndiye mwenye maji. Serikali ishughulike na wezi, mengine ituachie."

Hayo ndiyo aliyoyatetea mwanafalsafa Mmarekani Robert Nozick mwaka 1974: dola ndogo, ya kulinda mali na mikataba basi, na kodi inayokatwa kwenye jasho lako haina tofauti na kazi ya kulazimishwa. Simcheki. Kila mwisho wa mwezi nikiona ile asilimia 1.5 ya mshahara inayokatwa kuwa ushuru wa nyumba, nami huwa wa Nozick mpaka jioni.

Mama wa orofa ya kwanza akamgeukia: "Na ungezaliwa ng'ambo ile ya barabara, baba, ungesema hivyo?"

Huyo ni John Rawls mtupu. Rawls, mwanafalsafa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na Nozick, aliandika mwaka 1971 kwamba sheria za haki ni zile ambazo tungezichagua tukiwa nyuma ya pazia, kila mtu hajui kama atatokea upande wa kisima au upande wa mtungi mtupu. Wengine wapate zaidi, sawa, ila iwe inamfaa pia aliye chini kabisa.

Sasa piga hesabu. Mitungi 50 ndiyo mita moja ya ujazo: kwa shilingi 30, ni shilingi 1,500. Mimi mwenye mita ya maji, bili yangu kwa kiasi hicho haifiki hata robo. Aliye chini kabisa ndiye anayelipa zaidi, tena akiyabeba mwenyewe.

Kinachonikera ni kwamba Nozick mwenyewe hakufika alikofika mhasibu. Aliandika wazi kuwa mtu hawezi kujimilikisha kisima pekee jangwani kisha atoze atakavyo. Hata visima vingine vikikauka vyenyewe na chake kikabaki, haki yake inapungua. Yaani yule mkali kuliko wote wa mali binafsi alikwama kwenye maji. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, haikwami: maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu. Lakini tunakatwa kodi kama ya Rawls, halafu mfereji unatoa upepo. Mhasibu hapo ana hoja, nami nilimpigia makofi kabla ya kupiga kura dhidi yake.

Tulitoka kumi na moja kwa kumi na moja. Getini soja alikuwa anafunga mitungi yake miwili kwa vipande vya nailoni, maji ya kisima chetu, tayari kwenda nayo kwake Mukuru. Mhasibu alimshikia geti.