Kuvaa kimono si ruhusa ya kupigwa picha
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anadai kwamba mtu akishavaa kimono, lile vazi la jadi la Kijapani, akaenda tamasha la Siku ya Japani mjini Düsseldorf, Ujerumani, basi amekubali kupigwa picha na yeyote. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Naishi huku, na tamasha hilo la kando ya Mto Rhine nalijua: vijana waliovaa kama wahusika wa katuni za Kijapani ukiwaelekezea kamera hujipanga wenyewe, maana wamekuja kuonekana. Lakini nimemwona mama amepiga magoti anamfunga binti yake mkanda uliolegea wa yukata, yaani kimono chepesi, na watu wakamsogezea mtoto simu hadi karibu na uso, hakuna hata aliyewasalimu. Mama na mtoto wale hawakuwa jukwaani! Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1907 inasema picha ya mtu isisambazwe bila ridhaa yake. Picha za umati wa tamasha zimesamehewa, ila uso mmoja uliovutwa karibu ni habari nyingine, tena wa mtoto. Na kuomba si kazi: onyesha kamera, inamisha kichwa kidogo, subiri jibu. Wenzangu mnaopiga picha kwenye matamasha, mkikataliwa mnaifuta ile mliyokwisha kuipiga?