Ayutthaya kwa siku moja: ulipie basi la watalii au upande treni mwenyewe?

Watu wetu wengi wanaofika Bangkok hawaendi kutalii, wanaenda kazini. Wa nguo wako Pratunam, wa madini wanazunguka na mawe yao Silom, wengine wamepeleka mgonjwa, na katika hizo siku huwa kuna moja inabaki wazi, mzigo umeshafungwa, ndege ni kesho usiku, sasa unafanyaje? Hapo ndio mtu wa mapokezi hotelini anakutolea kikaratasi chenye picha ya kichwa cha Budha kilichobanwa na mizizi ya mti: siku nzima Ayutthaya, mji wa kale wa magofu, asubuhi mahekalu, mchana boti kwenye mto Chao Phraya na bafe ndani, unafuatwa hotelini unarudishwa. Bei inaanzia kama baht elfu moja inapanda mpaka elfu mbili na kitu, inategemea na boti, na baht moja ni karibu shilingi 4 za Kenya, piga hesabu. Halafu mwenzio aliyeizoea Bangkok anakwambia wee acha kuliwa hela, treni ya daraja la tatu mpaka Ayutthaya haifiki hata baht 30, nenda mwenyewe.

Wote wawili wana hoja ila naona wanabishania usafiri, na usafiri ndio kitu rahisi kuliko vyote kwenye hii safari. Ni kama kilomita 80 tu kaskazini ya Bangkok, treni ya kawaida unapanda Hua Lamphong, stesheni kuu ya zamani ya Bangkok, saa moja na nusu au mbili umefika, stesheni yenyewe iko ng'ambo ya mto Pa Sak kwa hiyo unavuka na kivuko kidogo kwa hela ya kutupa, ukishuka unakodisha baiskeli au bajaji. Hata mtu asiyejua neno moja la Kithai anafika. Kwa hiyo kama hoja ya kulipia basi ni "nitapotea", hapana, hupotei.

Hoja nzito ni nyingine kabisa. Ukifika utaona matofali. Mengi. Matofali mekundu yaliyobomoka, minara mingine imeinama, masanamu yamekaa mistari hayana vichwa, na bila mtu wa kukwambia kilichotokea pale, hekalu la tatu tu litakuchosha, utapiga selfi utatafuta kivuli. Wakati mahali penyewe pana habari kubwa. Huu ulikuwa mji mkuu wa Siam, yaani Thailand ya zamani, kuanzia katikati ya karne ya 14, wengi wanataja mwaka 1351, mpaka 1767 majeshi ya Burma yalipouzingira zaidi ya mwaka mzima, yakaingia, yakauchoma. Miaka mia nne na kitu. Wat Phra Si Sanphet (wat ni hekalu), ile yenye minara mitatu mikubwa imepangana mstari mmoja, lilikuwa hekalu la ndani ya jumba la mfalme, halikuwa na watawa wanaoishi humo, na ndani kulikuwa na Budha wa kusimama wa kama mita 16 aliyefunikwa dhahabu. Waburma waliwasha moto kuiyeyusha ile dhahabu. Mabaki ya sanamu baadaye yalipelekwa Bangkok yakafungiwa ndani ya mnara mmojawapo pale Wat Pho, hekalu maarufu la Bangkok, yaani unaweza ukawa umeshapita pembeni yake jana yake ukipiga picha Budha aliyelala na hukujua.

Sasa habari kama hiyo haiko kwenye tofali. Iko mdomoni kwa mtu. Na hapa upande wa ziara ya kulipia una nguvu kweli, kwa sababu Thailand kazi ya kuongoza watalii imetengwa kwa raia wao kwa sheria, mgeni haruhusiwi, na mwongozaji lazima awe na leseni anayoivaa shingoni, kwa hiyo unayempata mara nyingi ni mtu aliyesomea. Nilikaa karibu na mmoja pale Wat Mahathat, hekalu lenye kile kichwa cha kwenye kikaratasi, mama wa makamo hivi na mwavuli wa zambarau, kikundi kizima kimekimbilia kile kichwa kwenye mizizi, yeye akabaki na wazee wawili akawaonyesha shingo za masanamu, akawaambia angalieni vizuri, zingine zimevunjika ovyo, hiyo ni vita, zingine zimekatwa safi kabisa kwa msumeno, hiyo ni biashara, watu walikuja miaka mingi baadaye wakakata vichwa kwenda kuuza kwa wanunuzi wa vitu vya kale. Baada ya pale kila shingo unayopita unaiangalia. Kitu kama hicho hukipati kwenye treni ya baht 20.

Na tukiwa kwenye hicho kichwa, utaratibu ni uchuchumae ukipiga picha nacho, kichwa chako kisiwe juu ya kichwa cha Budha, mlinzi yupo na anafoka. Kuna Waislamu na hata walokole wanaona hiyo kama kusujudu, nawaelewa, dawa yake ni nyepesi tu, usipige hiyo picha, angalia upite, hakuna anayekulazimisha. Ila usije ukasimama nyuma ya sanamu lisilo na kichwa ukaweka cha kwako juu eti unachekesha, pale umetukana watu kwao.

Haya, upande wa pili. Ubaya wa ziara za kikundi ni kwamba huyo mama mwenye mwavuli ndiye unayemlipia lakini anapewa muda mdogo kuliko vitu vingine vyote. Angalia ratiba yenyewe: saa kumi na mbili na nusu unafuatwa hotelini, basi linazunguka hoteli zingine kukusanya watu, barabarani, halafu kwanza mnapitishwa Bang Pa-In, jumba la kiangazi la wafalme. Ni pazuri sikatai, kuna kibanda cha dhahabu kimejengwa katikati ya bwawa mwaka 1876 wakati wa mfalme Chulalongkorn, na wanakagua mavazi kwelikweli pale, mabega na magoti yafunikwe, dada aliyebeba kanga kwenye mkoba hahangaiki. Lakini hapo muda unakwenda, mnafika Ayutthaya yenyewe jua limeshapanda, mnapewa nusu saa hekalu hili, nusu saa lile, saa sita mnaondolewa mkawahi boti. Jua la saa tano kwenye matofali mwezi wa Aprili, bana, joto linagusa 40, hakuna mti. Wakati mtu aliyelala usiku mmoja Ayutthaya au aliyewahi treni ya alfajiri yuko ndani ya magofu saa mbili, kivuli kirefu, hamna mtu.

Wat Chaiwatthanaram ndiyo inayoniuma zaidi. Ilijengwa 1630 na mfalme Prasat Thong, mnara mkubwa katikati na midogo imeuzunguka kwa mtindo wa Khmer, watu wa Kambodia, iko ng'ambo kabisa ukingoni mwa Chao Phraya, na kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote. Ziara nyingi za nusu siku zinairuka kwa sababu iko nje ya kisiwa, maana mji wa kale umezungukwa na mito. Ukienda mwenyewe na bajaji inafikika vizuri tu, tena jioni utakuta Wathai wenyewe wamekodi mavazi ya zamani wanapigana picha, mtindo ulioshika kasi baada ya tamthilia moja ya mwaka 2018.

Kuna na maduka. Sio ziara zote, lakini zile za bei ya chini kupita kiasi fidia yake iko mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni duka la vito mnalosimama "kwenda choo". Niliwahi kushushwa kwenye mojawapo na muuzaji akanifungulia kisanduku kwa heshima zote akanionyesha tanzanaiti, akaanza kunieleza inatoka wapi. Nikamwacha amalize. Kamisheni ya mwongozaji iko pale na simlaumu sana, ni maisha, ila dakika 40 za duka ni dakika 40 zilizokatwa kwa Wat Ratchaburana, hekalu jingine la pale.

Upande wa kwenda peke yako nao wasiupambe sana. Baiskeli wanaisifia wote lakini mtu mzima na magoti yake, joto lile, kutoka hekalu hadi hekalu, si mchezo. Bajaji za pale, zenye pua ya mviringo kama chura, zinalipwa kwa saa na msipoelewana mwanzo mtagombana mwisho. Na viingilio ni kila hekalu na chake, kwa miaka mingi mgeni alikuwa akilipa baht 50 ambapo Mthai alikuwa akilipa 10, watu wetu wanalalamika ubaguzi, jamani, na sisi Ngorongoro mgeni analipa sawa na mwenyeji? Kikubwa zaidi, ukiwa peke yako unabaki na simu na intaneti, na simu haikuonyeshi shingo iliyokatwa kwa msumeno.

Sasa njoo kwenye mto, maana wengi wanaulipia kama mapambo ya safari na mimi naona ndio wenyewe. Ayutthaya ni kisiwa kilichozungukwa na mito mitatu, Lopburi kaskazini, Pa Sak mashariki, Chao Phraya magharibi na kusini. Kila aliyekuja alikuja kwa maji. Wareno walitia mguu 1511, Wareno hao hao waliopiga Kilwa na Mombasa 1505, wakafuata Waholanzi, Wajapani, Wafaransa, kila taifa likapewa kijiji chake ukingoni. Waajemi pia: Sheikh Ahmad kutoka Qom alifika mwanzoni mwa karne ya 17 kama mfanyabiashara, akapanda mpaka kuwa waziri na Sheikhul-Islamu, yaani kiongozi mkuu wa Waislamu, wa kwanza wa Siam, kaburi lake lipo pale pale Ayutthaya ndani ya eneo la chuo kikuu, na ziara ya kawaida haikupeleki. Kwa Mswahili wa pwani hiyo ni habari ya nyumbani kabisa, pepo za bahari, bandari, mgeni wa Kiajemi anayeoa na kubaki, lakini kikaratasi cha hoteli hakina hata mstari.

Halafu teremka na mto. Bangkok ilipoanzishwa 1782 matofali ya kuta za Ayutthaya yalibomolewa yakateremshwa kwa mashua kwenda kujengea mji mpya, kwa hiyo njia unayopita na boti yako ya bafe ndiyo njia mji wa zamani ulipohamia kipande kwa kipande. Na ukifika Bangkok mbele ya hekalu la Wat Arun, pale mto ulipo mpana, sio mto wa asili. Ni mfereji uliochimbwa 1542 wakati wa mfalme Chairacha kukata kona ndefu ili meli zipande Ayutthaya haraka, maji yakaupenda mfereji yakaupanua, mto wa zamani ukabaki kuwa ndio mfereji. Mimi hii naona inatosha kulipia safari.

Kinachotokea kwenye boti lakini ni kwamba mwongozaji anashusha maiki. Ndio muda wake wa kupumzika, na nyinyi mko kwenye foleni ya kamba wa kukaanga, muziki umefunguliwa, watu wameupa mto mgongo. Saa mbili zenye habari nyingi kuliko zote zinapita kimya. Kwa hiyo unakuta mtu amelipa boti kapata chakula, na chakula chenyewe kwa Mwislamu ni cha kuulizauliza kila sinia, wakati kule Ayutthaya mjini Waislamu wapo na wanauza roti saimai, kichapati chembamba kama karatasi unaviringishia nyuzi za sukari za rangi, wengi wa wauzaji ni Waislamu wenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa, kwa mtu mwenye afya na siku nzima, nasema aende na treni mapema, hela aliyookoa kwenye basi amlipe mwongozaji mwenye leseni kwa saa tatu nne pale pale, wapo, hoteli na wakala wanakutafutia, na mto autafutie boti ndogo za jioni zinazozunguka kisiwa na kusimama kwenye mahekalu, Chaiwatthanaram ikiwemo. Akirudi Bangkok kesho yake apande boti ya bendera ya chungwa kutoka Nonthaburi, mji ulio kaskazini ya Bangkok kando ya mto, nauli ni ya daladala, apite mfereji wa 1542 na wanafunzi na watawa. Itamgharimu zaidi ya treni tupu, labda akaribie bei ya ziara, lakini hela imekwenda kwenye mdomo wa mtu.

Ila kama una mzazi mzee, au watoto, au ndege ni usiku ule ule, chukua basi lenye kiyoyozi na usione haya, treni za kawaida zinachelewa na kukosa ndege ya Addis ni hasara kubwa kuliko historia yoyote. Kabla hujalipa muulize wa mapokezi vitu vitatu tu: kikundi ni watu wangapi, kuna kusimama duka lolote, na boti inaanzia wapi hasa. Hilo la mwisho wanalipitia haraka, kwa sababu boti nyingi kubwa za bafe hazianzii Ayutthaya kabisa, basi linawarudisha mpaka karibu na Nonthaburi ndipo mnapanda, yaani mto wa juu wote, wenye mashamba na vijiji, mmeupita barabarani mkiwa mmelala.